Saa Tulizozisoma kwa Maji na Upepo

Hotuba kwa wakaazi, walimu na wanafunzi, Kisauni, Mombasa

Assalaam aleikum, na ndugu zangu Wakristo, bwana asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Na nyinyi wanangu na wajukuu zangu mliosongamana mlangoni, ingieni, huku mbele mikeka ina nafasi.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya shamba ya zamani. Vijana wajue kwamba wakati wa utoto wangu, kwa mtu wa kisiwani, huku kwetu kote kulikuwa shamba: Kisauni, Kongowea, Mtopanga, Bamburi, Utange mpaka kivukoni Mtwapa. Ng'ambo ya kusini, Likoni na Mtongwe. Kule magharibi, Changamwe na Jomvu. Hapa tulipoketi palikuwa na minazi, miembe na mikanju, na nyumba moja ukiitoka, ya pili unaiona kwa moshi wake.

Wenzangu wa rika langu hupenda kuwaambia watoto kwamba zamani ilikuwa raha tupu. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu nakumbuka jeneza ndogo. Surua ikiingia kijijini ilikuwa haitoki bure. Malaria tulikuwa tukiihesabu kama mvua, kwamba itakuja tu. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku alitegemea mkunga na dua, na ikiwa mambo yamekuwa mazito, alibebwa kitandani na wanaume wanne mpaka barabarani, na hapo ndipo panapoanza kusubiri gari. Hospitali, dawa na maji ya mfereji ni neema, na anayetamani kurudi kabla yake hajapata kuzika.

Ninachokililia ni ujuzi. Watu wale walikuwa wakijua mahali walipo na wakati walionao. Hawakuwa na saa mkononi wala kalenda ukutani, na mipango yao ilitimia. Ujuzi ule wanao watu walio hai, baadhi yao wamo humu ndani, na kila mwaka tunapeleka wengine makaburini nao.

Nianze na babu yangu mzaa mama. Nyuma ya mlango wa chumba chake palikuwa na kamba ya makumbi ya nazi imening'inia, ina mafundo. Kila zikitimia siku kumi alikuwa akifunga fundo moja. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa kamba ile, na adhabu yake ilikuwa kali kuliko ya kuvunja chungu. Alikuwa akihesabu miongo. Mwongo mmoja ni siku kumi, na miongo 36 ni siku 360, kisha huongezwa siku 5, mwaka ukatimia. Ule ndio mwaka wa jua, mwaka wa wakulima na mabaharia, unaoanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, ambayo wakati ule ilikuwa ikiangukia kwenye mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti.

Mtaniuliza, kwani hatukuwa na miezi ya Kiislamu? Tulikuwa nayo, na ibada zetu zote zilikuwa juu yake. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Ramadhani yaja wakati wa joto la kaskazi, baada ya miaka michache iko kwenye mvua, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka misimu yote. Mkulima akipanda kwa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, miaka mingine atapanda kwenye vumbi. Kwa hivyo wazee wetu waliweka hesabu mbili, moja ya kumwabudu Mola na moja ya kulima, na hawakuzichanganya. Naomba walimu wa hisabati mliomo humu mulitafakari hilo. Mtu asiyejua kusoma hati za Kizungu alikuwa akiendesha kalenda mbili kichwani na kamba moja mlangoni.

Fundo la siku ya mia mbili na arubaini likikaribia, babu alikuwa hatulii. Muhogo wa zamani ung'olewe, magugu yachomwe, mbegu za mahindi na kunde zishushwe kutoka darini, juu ya moshi wa jiko, ambako wadudu hawazifikii. Mpunga ulikuwa wa bondeni, ambako maji yatatuama. Kisha tunangoja. Kaskazi inalegea, kunakuwa na siku kadhaa za fukuto, hakuna upepo hata jani halitikisiki, halafu usiku mmoja unasikia mnazi unaguna, kusi imeingia. Hapo ni Aprili, mvua ya mwaka iko njiani, na mbegu zetu tayari ziko ardhini. Jirani aliyechelewa alikuwa akisaidiwa mbegu, lakini alikuwa akisemwa pia, tena mbele ya wanawe.

Na Siku ya Mwaka yenyewe! Alfajiri tulikuwa tukishuka pwani kuoga, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Tukirudi, majivu yote ya jikoni yalitolewa, moto wa jana ukazimwa kabisa na mpya ukawashwa. Kule kisiwani ng'ombe alizungushwa mji kwa dua, kisha akachinjwa na nyama ikagawanywa. Wako leo wanaoyapinga hayo kwa sababu za dini, nami siingii kwenye ubishi huo. Ninasema tu kwamba palikuwa na siku moja kila mtu wa pwani hii alijua kilimo chake kiko wapi.

Sasa niwapeleke kwa nyanya, maana babu alikuwa na kamba, nyanya alikuwa na bahari.

Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hapa Mombasa hufikia karibu mita 4. Katikati yake ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Na bahari yetu ina tabia ambayo mvuvi yeyote atawaambia: siku za bamvua, maji hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa kiasi cha saa kumi. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Nyanya alikuwa hajui dakika ni nini. Alikuwa akitazama mwezi usiku akiwa anafunga mlango, akasema, "Kesho kutwa twende mwambani, mwambie mamako akuache shule." Mama alikuwa akikataa. Nyanya alikuwa akishinda.

Tulikuwa tukitoka jua likiwa bado laini, wanawake na watoto, kila mmoja na kikapu chake cha ukili na ufito mmoja. Tukifika, maji yanatukimbia mbele, nasi tunayafuata. Mwamba ukitoka nje ni mji mzima: vidimbwi, nyasi, konokono, samaki wadogo waliosahauliwa. Nyanya alikuwa akitembea ameinama, hatazami mbali. Tundu la pweza, wanangu, lina mlango. Pweza anapokula kaa na chaza hutupa magamba nje, na hukusanya vijiwe mbele ya tundu lake. Ukiona rundo dogo la magamba masafi na vijiwe vilivyokaa kana kwamba vimepangwa na mtu, simama hapo. Nyanya alikuwa akiuingiza ufito polepole, anauzungusha, anangoja. Pweza anaukumbatia. Anavuta kidogo, anaachia, anavuta tena, mpaka mkono mmoja utokee, wa rangi inayobadilika machoni pako, kahawia, kijivu, nyekundu. Kisha kwa mkono mmoja anamshika, kwa mwingine anamgeuza kichwa nje ndani, na imekwisha. Mimi nilikuwa nikipewa kazi ya kumpiga kwenye jiwe mpaka alainike, povu jeupe litoke. Akikuta tundu lina mayai, alikuwa analiacha. "Huyo ana kazi yake," alikuwa akisema, tukapita.

Na alikuwa akijua wakati wa kugeuka. Maji hayajaonekana kurudi, sisi watoto bado tunaokota kombe, yeye ameshafunga leso kiunoni na anatuita. Tukibisha, anatuonyesha kidimbwi kimoja. Ukikitazama vizuri unaona nyasi zake, zilizokuwa zimelala kuelekea bahari, zimesimama. Hiyo ndiyo saa yake. Tulikuwa tukifika mchangani, tukitazama nyuma mwamba hauonekani.

Juu ya kisima sitasema mengi, ingawa ningeweza kukesha. Ukingo wake ulikuwa wa mawe ya pwani, na mawe yale yalikuwa na mifereji iliyochimbwa na kamba, kina cha kidole, kwa miaka ya kuvuta. Ukiweka kamba yako unaona imekaa mahali ambapo kamba ya nyanya wa nyanya yako ilikaa. Visima vyengine vilikuwa na maji ya chumvi kidogo, vya kufulia na kuogea, na kimoja au viwili vya maji baridi, vya kunywa na kupikia. Nyumba yenye msiba haikuchota maji. Mpaka hitima ipite, mitungi yake ilikuwa ikijazwa na majirani, na hakuna aliyepangwa zamu. Nimeona siku hizi tunachanga pesa kwa simu, na ni jambo jema, lakini mfiwa hatuoni tukiingia na mtungi.

Mnazi nao, jamani. Nataka vijana waufahamu kwa sababu mnaukata bila ya kuujua. Ulikuwa ukianza kwenye kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na kila hatua ina matumizi yake. Nazi tulikuwa tukikuna kwenye mbuzi, tukakamua kwa kifumbu, tui zito likawekwa kando la kumalizia mchuzi, tui jepesi likapikia muhogo au mchicha. Kifuu kilikuwa upawa na kata, na kikivunjika ni kuni. Makumbi yalikuwa yakizikwa kwenye matope ya mikokoni miezi mingi, yakifukuliwa yananuka hata uzibe pua, yakapondwa, yakasokotwa kamba. Kamba ile ndiyo iliyofunga fito za nyumba na ndiyo iliyohesabu miongo ya babu.

Makuti tulikuwa tukishona sisi wasichana na mama zetu, alasiri, kivulini. Unakunja kijani kimoja cha kuti juu ya ufito, kinachofuata unakilaza juu yake, unashona kwa miyaa ya majani ya mkoma, iliyolowekwa ili isikatike. Kidole cha shahada kinapata sugu. Mshonaji hodari anajulikana mvua ikija, na aliyeshona ovyo pia anajulikana.

Na siku ya kukandika! Boriti za mikoko zimeshasimama, fito zimeshafungwa, udongo mwekundu umerundikwa na kumwagiwa maji. Kijiji kizima kilikuwa kikija kwa msaragambo, hakuna malipo, mwenye nyumba anapika tu. Watoto tulikuwa tukiingia kwenye udongo mpaka magotini, tukiukanyaga kwa nyimbo. Jirani zetu Wagiriama walikuwa na nyimbo zao, sisi na zetu, na majirani wa Kengeleni, wajukuu wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown tangu 1875, na zao. Udongo haukujali. Jioni nyumba inasimama mbichi, ina alama za vidole vyetu ukutani, na wiki ile yote mtu akipita alikuwa akionyesha, "Ule mkono ni wangu."

Nimetaja watumwa, na sitapita haraka. Baadhi ya waliolima ardhi hii waliilima bila ya hiari yao, na utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907 tu. Mimi nimewaona wazee ambao wazazi wao walizaliwa humo. Walikuwa hawapendi kuulizwa. Ujuzi wa mashamba haya, wa mbegu, wa bonde lipi linatuama maji, kwa sehemu kubwa ulikuwa wao. Tukikumbuka shamba kwa mapenzi, tuwakumbuke na wao kwa heshima.

Usiku haukuwa na mengi. Koroboi moja, ngano za sungura, na nyumba moja tu kijijini yenye redio. Tulikuwa tukikaa nje ya dirisha lao kusikiliza Sauti ya Mvita, taarab ikichezwa, na mwenye redio akiipunguza sauti ili betri zisiishe. Harusi zilikuwa na mambo yake, chakacha na lelemama, lakini hayo mama zenu wanayajua, mtawauliza.

Nini kilibadilisha? Wengine husema ni daraja. Daraja la kwanza la Nyali, la 1931, lilikuwa likielea. Maji yakipwa linashuka, yakijaa linapanda, na kulivuka kulikuwa na ushuru. Mama zetu waliokwenda kuuza mchicha na maembe Marikiti walikuwa wakizipanga safari zao kwa hesabu. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1980, mji ulivuka mara moja. Kabla ya hapo viwanda vilikuwa vimeshaanza kuwachukua wanaume: saruji kule Bamburi katika miaka ya 1950, mafuta Changamwe mwaka 1963. Baba yangu aliacha kutazama mwezi akaanza kusikiliza king'ora. Simlaumu. Mshahara wake ndio ulionisomesha nikawa mwalimu.

Lakini daraja na king'ora havikututoa kwenye ardhi. Kilichotutoa ni karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi hapa pwani. Mwenye kudai ardhi alitakiwa aandikishe madai yake. Aliyekuwa na mwandishi na wakili aliandikisha. Aliyekuwa na minazi na makaburi ya wazee wake hakujua, au hakuambiwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Kwa desturi yetu mtu aliweza kumiliki mti bila ya kumiliki ardhi chini yake, kila mtu akijua mnazi huu ni wa fulani, amepandiwa siku aliyozaliwa. Desturi ile ilitusaidia tulipokuwa tukiishi kwa kuaminiana. Mbele ya karatasi ikatuangusha. Hadi leo mko humu mlio na nyumba na hamna ardhi, mnalipa kodi ya kiwanja kila mwaka, na hamjui mwenye hati ataamka vipi.

Nyumba ya babu ilibomolewa na mtu aliyekuja na hati. Simtaji, na sikuja hapa kwa ajili yake. Walipokuja, babu alikuwa ameshafariki. Minazi ilikatwa kwa siku moja. Nilirudi jioni nikautafuta mlango, na ile kamba, sikuipata. Nilikuwa msichana mkubwa, ninajua kusoma na kuandika, na sikuwahi kukaa na mzee yule na daftari nikaandika ni mwongo gani anapanda nini. Hakuna aliyetwambia kwamba kile ni cha kuandikwa. Shuleni tulifundishwa majira manne ya Ulaya, baridi na theluji, tukiwa tumekaa chini ya mwembe kwenye fukuto la Machi.

Kwa hivyo nina maombi mawili, nayo ni madogo.

La kwanza ni kwa mwalimu mkuu, na tumeshazungumza, amekubali. Ukuta mmoja wa darasa la nne upakwe rangi, na kuanzia Nairuzi ijayo watoto wahesabu miongo hapo. Kila siku kumi, alama moja. Kando yake waandike walichokiona: upepo unatoka wapi, maembe yamefika wapi, mvua imenyesha au haikunyesha, bamvua maji yamepwa saa ngapi. Siku hizi mvua imekuwa haina ahadi, na mtasema hesabu ya babu haifai tena. Huenda baadhi yake haifai. Tutajuaje, ikiwa hatuna pa kulinganishia?

La pili ni kwenu vijana wenye simu. Visima vya zamani katika mtaa huu baadhi bado vipo, vimefunikwa kwa mabati nyuma ya magorofa. Wazee wanavijua. Nendeni mvipige picha, muulize kila kimoja kilichimbwa na nani, maji yake ni baridi au ya chumvi, na kina mifereji mingapi ya kamba. Mkiandika, mwandike na jina la aliyewaeleza, kama mwenyewe ataridhia.

Na mkitaka kuanza mapema, yule bibi aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwenye leso ya buluu, ndiye aliyenifundisha mimi kushona makuti. Anasema macho yake yamepungua lakini vidole havijambo. Jumamosi baada ya alasiri atakuwa barazani kwake. Miyaa ninaleta mimi, fito alete anayeweza. Nanyi mkija msiingie kwa bibi mikono mitupu, bebeni sukari na majani ya chai. Ahsanteni.